Wafula, Video Ile Niliituma Mimi

Kwa ndugu yangu Wafula, popote walipokuficha,

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu wakuchukue, na naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ulizoea kunitania, "Dada, wewe unaogopa hata kuku." Nicheke basi, lakini rudi.

Nakumbuka siku uliyopiga kura mara ya kwanza, pale Kimilili. Ulitoka ukiinua kidole chenye wino, ukaniambia, "Sasa hao wakubwa nimewaandika kazi mimi. Wakizembea, nitawauliza." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe ulikuwa unasema kweli.

Halafu yakaja mazishi ya shangazi kule Kabuchai. Mheshimiwa, mbunge wetu, alichelewa kufika, akashika kipaza sauti, akajisifu weee, kisha akaelekea kwa gari lake kabla jeneza halijashushwa, kama ilivyo desturi yao. Zamu ya kusemea vijana ilikuwa yako. Ukasimama: "Mheshimiwa, usiende bado. Huyu mama alingoja oksijeni hospitalini siku mbili. Si na wewe ungoje dakika mbili tumzike?" Watu walipiga makofi, mazishini! Nilikuwa nakurekodi kwa fahari.

Hapo ndipo nilipokosea. Unajua vile kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi huwa halifungwi hata baada ya maziko. Nikaituma video humo, nikaandika, "Huyu ndiye ndugu yangu!" Sikukumbuka kwamba humo kulikuwa na watu wa kila aina: wanakwaya, naibu wa chifu, hata wapambe wa mheshimiwa tuliowaingiza ili watusaidie kupata hema. Siku ya nne baada ya kuituma, mchana kweupe, wanaume wanne waliofunika nyuso walikutoa kwenye kibanda chako cha kutengeneza simu hapa Kitale, wakakutia kwenye gari lisilo na nambari.

Kituoni, afisa aliniambia bila kuinua macho, "Huyo hatuko na yeye hapa. Mkipunguza kelele, pengine atarudi."

Tukapunguza, Wafula. Lile kundi limekauka. Watu wanajitoa mmoja mmoja, na kwenye simu naona tu: ameondoka, ameondoka. Jirani akitaka kuniuliza habari zako, kwanza anafunga mlango. Mimi mwenyewe nimewakataza wanangu kukutaja shuleni. Gari likipunguza mwendo karibu na lango letu, nazima taa. Uchaguzi unakuja, na sijui tutachagua nini sisi ambao jina la mtu wetu tunalitaja kwa kunong'ona.

Sijui kama kunyamaza kutakurudisha au kutakumaliza. Hakuna anayeweza kuniambia. Najua tu kwamba tumenyamaza siku zote hizi na hujarudi, kwa hivyo nasema.

Mama, huko Kimilili, kila siku ananipigia aniulize, "Ni nani huyo alisambaza video ya mtoto wangu? Mungu anamuona." Nami humwitikia, "Ndiyo, mama, anamuona." Hakujua ni mimi. Kabla ya kuitoa barua hii kwa watu wote, nimempelekea yeye kwanza, na nimemwomba binamu yetu amsomee. Mistari hii naiongeza sasa hivi: binamu ameniandikia kwamba wamemaliza. Simu yangu inaita, ni mama, na bado sijaipokea.

Mimi,
Dada yako