Inchi Kumi na Saba za Kwenda Ukweni

Alhamisi. Baridi imeishika Kitengela tangu alfajiri, na upepo wa mbugani unapiga mabati kama mtu anayetaka afunguliwe. Nimevaa makoti mawili. Hata hivyo mwili una joto, kwa sababu leo nimefunga magurudumu mapya, na mzee wa miaka sitini na minane hawezi kuficha furaha ya namna hii hata akijitahidi.

Nianze na aibu, maana furaha ya leo imetoka humo.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda Kajiado kwa wazazi wa Nashipae, msichana ambaye mwanangu Kamau anataka kumwoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa familia mbili kuonana. Nilitaka tufike kwa gari langu: sedan nyeusi ya spoti, silinda sita, niliyoinunua nilipostaafu ualimu wa hisabati. Nimelishusha gari hilo kwa springi fupi mpaka tumbo lake linakaribia lami, na wakati huo lilikuwa na rimu za inchi kumi na nane na matairi mapana ya 245. Likisimama uani lilikuwa kama paka anayevizia panya. Nilikuwa nikitoka nje bila sababu yoyote, nilitazame, nirudi ndani.

Siku ile kaka yangu, msemaji wetu, alikaa mbele. Nyuma walikaa mke wangu, dada yangu Wangari, na jirani yetu Mama Naserian, ambaye ni Mmaasai na ndiye aliyekuwa akituelekeza mila za kule. Buti ilijaa sukari na soda. Tulipoiacha lami tukashika barabara ya changarawe, ikiwa imebaki kilomita moja hivi, matairi ya nyuma yakaanza kula madigadi, yale mabati yanayoyafunika kwa juu. Harufu ya raba ikajaa ndani. Nikasimama, nikawaomba akina mama washuke ili gari linyanyuke.

Wakashuka.

Wakatembea kwenye vumbi wakiwa na nguo za kanisani, viatu mkononi, mpaka langoni, wakwe wakiwa wamesimama wanatazama. Mimi nikawafuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga, gari likikwaruza kila penye kijilima.

Tulipofika nyumbani, Mama Kamau alikoroga chai kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Baba Kamau," akasema, "siku ya kupeleka mahari mimi nitapanda pikapu ya kaka yangu. Hii gari yako uende nayo wewe. Mimi sishushwi mara mbili."

Maneno hayo yamenikaa kifuani wiki tatu. Tumeoana miaka arobaini na mmoja, na hatujawahi kwenda kwenye shughuli ya mtoto wetu yeyote kila mmoja na gari lake.

Siku ya mahari ni keshokutwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba zile 245 nilikuwa nimezipigia hesabu. Daftari ninalo, na halina tarakimu hata moja iliyokosewa. Acha nieleze, maana kuna wasomaji wa blogu hii ambao huniuliza namba zilizo ubavuni mwa tairi zinasema nini. Chukua 225/50R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu ni nusu ya upana huo, yaani milimita 112 na nusu. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Zidisha 17 kwa 25.4, yaani milimita za inchi moja, ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, utapata gurudumu zima: karibu milimita 657. Gari langu lilitoka kiwandani na 215/60R16, ambayo ni 664. Tofauti ni kama asilimia moja, kwa hiyo mshale wa spidi hautakudanganya. Ukitaka rimu kubwa, ubavu lazima upungue. Gurudumu zima likae palepale.

Zile 245/40R18 zilipita mtihani huo kwa kutoa 653. Nikapima pia nafasi kati ya tairi na ukingo wa madigadi, nikaona inatosha. Lakini nilipima gari likiwa tupu, kwenye sakafu laini, mimi nimepiga magoti kando yake. Miaka thelathini na mitano niliwaambia wanafunzi: kabla hujakokotoa, soma swali. Swali lilikuwa watu watano, buti iliyojaa, na barabara ya changarawe. Mimi nilijibu swali la gari lililoegeshwa.

Na chini ya kosa hilo kuna ungamo. Kila nilipoliwaza gari hili, sikuwahi kumwaza mtu mwingine ndani yake.

Basi leo asubuhi nilimwomba Mama Kamau twende pamoja kwa fundi, akae kwenye gari nipime. Akasema ana nguo za kufua. Mama Naserian alikuwa uani kwetu akichuma sukuma wiki, akacheka: "Si twende tu, mama. Leo mzee ametuomba tukae, hajatuomba tutembee." Mama Kamau akafuta mikono, akaingia nyuma bila kunitazama. Tukampitia Wangari.

Fundi wangu wa matairi anaitwa Parsaloi, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mikono kama koleo, na karakana yake iko kando ya barabara ya Namanga. Nilimweleza kwamba nataka kupima gari likiwa na mzigo wake halisi. Akina mama wakabaki nyuma. Tukapakia buti gunia la sukari na kreti za soda zinazongoja Jumamosi. Kiti cha mbele kilibaki wazi, kwa kuwa kaka yangu hakuwapo. Parsaloi akabeba mifuko miwili ya saruji kutoka kwa jirani yake, akaiketisha pale, akaifunga mkanda.

"Huyu ndiye msemaji," akasema.

"Afadhali huyu," Wangari akajibu. "Yule mwingine akianza kuongea chakula kinapoa."

Parsaloi mwenyewe akakaa kwenye usukani, nami nikapiga magoti na rula yangu. Gari likiwa tupu, nafasi ya nyuma ilikuwa milimita 48. Likiwa na watu, 19. Nikasoma kwa sauti kwamba watu wamekula milimita ishirini na tisa.

"Andika vizuri, Mwalimu," Wangari akatoa kichwa dirishani. "Kumi na tano ni zangu peke yangu."

Wote wakacheka isipokuwa mke wangu, aliyekuwa ameangalia mbele tu.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Parsaloi alitaka nibaki na kumi na nane, nipunguze upana tu, nifunge 225/45. "Mwalimu, kumi na saba kwa hii gari ni kama kumvalisha bwana harusi ndala." Nakiri alinitikisa. Rimu ya kumi na nane inajaza madigadi kama jicho linavyojaza tundu lake, na mimi ni mtu wa macho. Nikachukua kalamu. Ubavu wa 45 ni milimita 101. Ubavu wa 50 kwenye kumi na saba ni 112 na nusu. Tofauti ni milimita kumi na moja na kidogo, upana wa kidole changu kidogo. Nikakitazama kidole hicho. Barabara ile ina mawe yenye ncha, na kidole hicho cha raba ndicho kitakachosimama kati ya jiwe na rimu.

Nikachagua kumi na saba.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hulisahau, nami lilinipa raha kuliko yote. Kwenye rimu huandikwa ET na namba. Inaonyesha gurudumu limekaa ndani au nje kiasi gani: namba ikiwa ndogo, gurudumu linachomoza nje. Rimu zangu za zamani zilikuwa 35. Parsaloi alikuwa na nyingine, za rangi ya fedha, za mikono mitano, zilizoandikwa 45. Fuata nami. Rimu imerudi ndani milimita kumi. Tairi limekuwa jembamba kwa milimita ishirini, kumi kila upande. Kwa upande wa nje, kumi na kumi: nimepata sentimita mbili nzima! Na kwa upande wa ndani, kumi zilizoingia zimefutwa na kumi zilizopungua, kwa hiyo tairi halijasogelea springi hata kidogo. Niliisoma hesabu hiyo mara tatu. Nilimwonyesha Parsaloi. Nikamwonyesha mwenye duka la saruji, ambaye hakuwa ameuliza.

Baada ya kufunga, nililowesha chaki nikaipaka ndani ya ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Tairi likigusa, chaki itafutika. Sikutaka tena kuamini masikio yangu wala matumaini yangu. Parsaloi akabaki na kazi zake, sisi tukashika njia ya Kajiado, mimi, akina mama watatu, na saruji imekaa mbele kwa adabu.

Tulipita Isinya. Kila tuta nililivuka nimeshika pumzi. Wangari na Mama Naserian walikuwa wakizungumza habari za bei ya mbuzi, na sauti ya mke wangu sikuisikia. Sikuthubutu kumtazama kwenye kioo. Nilijua anasikiliza ule mkwaruzo kama mimi, na kwamba ukisikika hata mara moja, nimempoteza kwa pikapu.

Tukaacha lami. Tukafika kwenye bonde lile dogo ambako wiki tatu zilizopita harufu ilianza. Gari likazama, likainuka. Mawe yaliruka chini, basi. Nikaenda mita nyingine mia. Nikaenda mpaka njia panda inayoingia kwa wakwe, Mama Naserian akanigusa bega. "Simama hapa. Ukweni hatuendi kujaribu magurudumu."

Nikashuka, nikapiga magoti kwenye vumbi na suruali yangu safi, nikamulika kwa simu. Kushoto, chaki nyeupe, nzima. Nikazunguka. Kulia, nyeupe, nzima, kama ubao uliosubiri somo. Nikapiga kelele ambayo sidhani nimewahi kuipiga tangu Kamau azaliwe.

Hakuna aliyeitika.

Nikainuka nikachungulia dirishani. Mama Kamau alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea bega la Wangari, mdomo wazi kidogo, mikono imekunjwa juu ya mkoba. Alikuwa amelala bondeni, kwenye mawe, pote pale.

Mama Naserian akaweka kidole mdomoni. "Mwache," akanong'ona. "Huyo ameshakujibu."

Nikafunga mlango polepole kama mtu anayefunika chungu. Nikageuza gari. Tulikuwa karibu na Isinya alipojinyoosha, akatazama nje.

"Tumefika?"

"Tumefika na tumerudi," nikasema.

 Nilimsikia akifungua mkoba, akitoa simu. Nikadhani anampigia mtu wa chama chake cha kuweka akiba. Alikuwa akimpigia kaka yake. "Ee, kaka. Hapana, usinipitie Jumamosi. Hiyo pikapu ibebe wazee. Mimi niko na gari."

Mimi niko na gari. Nililazimika kupunguza mwendo kidogo, macho yalikuwa na maji.

Sasa jua linazama nyuma ya milima ya Ngong na ninaandika haya nikiwa nimekaa mlangoni, ninalitazama gari langu. Kweli, kwa mbali limekuwa la kawaida kidogo. Mpita njia hatageuza shingo. Je, nimezeeka, au nimeanza tu kujua gari ni la nini? Sina haraka ya jibu.

Kesho nitaliosha kwa mikono yangu, na nitaanza na kiti cha nyuma.