Chekeche ya Habari za Luvungi

Mupendwa bibi yangu, Mama Nabintu,

Naandika polepole, unanijua. Masomo yangu iliishia mapema, lakini kati ya mashofere wa wakati wetu hakuna aliyejua barabara ya Uvira kunishinda. Milima ya Ngomo niliishuka na kamyo imejaa simenti, ukungu mbele, na sikukwaruza hata taa. Hata wanaonichukia watakuambia. Basi na hii barua nitaifikisha.

Nakukumbuka na chekeche yako. Ulikuwa unakaa ku mulango, unachuja bunga ya muhogo ya kupeleka ku soko ya Kadutu, miguu yako yote inageuka nyeupe. Nikirudi safari, ulikuwa umeshaokota habari zote za muji kule sokoni, lakini hukunimwagia. Ulinipa maji ya kuoga, ukanipa bugali na sambaza, ukaniacha nilalamikie mipira ya kamyo. Siku ndugu yangu mukubwa alikufa, ulijua tangu asubui. Nilikula nikamaliza, nikanawa mikono, ndipo ukasema: "Papa Nabintu, vaa koti, tuende kwa mukubwa wako." Nilielewa tu kwa namna ulivyonishikia ile koti.

Tangu tukuzike, hakuna wa kunichujia. Radio inaleta kelele ya dunia yote, mutu hajui ya kwake iko wapi. Na binti yetu Nabintu ulimuacha kule Luvungi, chini ya Ngomo, na bwana yake, na watoto, na mashamba yao ya mupunga. Vita ikafika kule, watu wakaanza kupanda huku Bukavu na magodoro ku kichwa. Kisha reso ya telefone ikakatika kule, namba ya Nabintu haikupita tena.

Mudogo wako Riziki ndiye alitia ile aplikasio mu telefone yangu. Akanieleza: inakusanya habari za pande zote, unaipa maneno unayotaka, inaleta zile tu. Unaipa na maneno usiyotaka, habari yenye neno hilo inabaki inje. Nikamuambia, hiyo ni chekeche, bibi yangu alikuwa nayo. Maneno nilichagua mwenyewe: Luvungi, Sange, barabara. Nikaongeza kamyo, na mpaka leo wananiletea kamyo zilizoanguka mu inchi ambazo sijasikia jina. Halafu nikamuambia akataze vita, akataze risasi, akataze kufa.

"Mulamu," akasema, "ukikataza hayo yote, utasikia nini?"

"Nitasikia Luvungi."

Na kweli nilisikia. Mupunga imestawi. Vijana wa Luvungi wamefunga wale wa Sange mabao tatu. Padri amebatiza watoto wengi. Kila Jumapili nilitoa telefone inje ya kanisa, nikasomea watu, kidole ku mustari, na wasomi wote wakanyamaza kunisikiliza. Jumapili moja nilimuambia jirani yetu Papa Safari kwamba waoga wanakimbia bure, Luvungi iko mutulivu, mimi ndiye najua. Unamujua Papa Safari, hakosi jibu. Siku zote ananiambia kwamba Ngomo niliishuka kwa kinywa. Lakini ile Jumapili aliangalia viatu vyake. Nikarudi nyumbani nikijua nimemushinda.

Kesho yake mangaribi wakaja. Riziki, Papa Safari, na bwana ya Nabintu nyuma yao, miguu imevimba ndani ya kandambili. Wakakaa. Wakauliza kuku, wakauliza paa inayovuja, wakauliza magoti yangu. Mukwe wetu aliangalia chini tu. Nikaona mutoto wa watu amechoka, nimupe moyo kidogo. Nikamupa telefone asome ya asubui ile: daraja ya Luvungi wameitengeneza, watu wanapita.

Alisoma yote. Alinirudishia na mikono miwili.

"Ni kweli, Papa," akasema. "Daraja iko nzuri. Nabintu tulimupitisha pale tukienda kumuzika."

Risasi ilimupata mu mupunga, akipalilia. Walimuzika kule kule, karibu na kanisa. Kartie nzima, majirani wote, ilijua tangu Jumamosi, kwa wale waliokimbia. Wale wote niliowasomea Jumapili inje ya kanisa yetu walijua, Mama Nabintu. Walinisikiliza mpaka mwisho.

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Niko sawa na mukono uliolalia usiku: unauona, unaushika, lakini hausikie kitu. Wamama walileta sombe, majani ya muhogo, nikakula. Mukwe alinieleza mara ya pili jinsi ilipita, nami nikamuuliza kama mvua ilinyesha kule. Watu wanasema muzee iko nguvu. Ningependa kukubali, unajua napenda sifa, lakini nguvu naijua, hii si yenyewe.

Riziki alitaka kutoa ile aplikasio. Nikakatalia. Watoto wa Nabintu wangali Luvungi kwa nyanya yao, mama ya mukwe, baba yao hakupata njia ya kuwapitisha, anatafuta bado. Nilimuambia Riziki aondoe makatazo yote. Risasi ipite, vita ipite, kufa ipite.

"Utaweza, mulamu?"

Nikamuambia nimebeba simenti, nitabeba na hiyo.

Sasa inalia tangu asubui mpaka mangaribi. Kila moja naisoma mpaka mwisho, neno kwa neno, na kidole. Natafuta kama wametaja watoto. Nikikosa, nafungua ingine. Nasoma tu.

Kwaheri, Mama. Mukae vizuri huko na Nabintu wako. Wajukuu wetu, hawa wadogo, muniachie mimi. Telefone imelia, acha niangalie.

Ni mimi bwana yako,
Papa Nabintu