Babu Hataki Kuwa wa Mwisho Kwenye Marejeo

Mpendwa Mama Avelina, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana hapa nyumbani Kibosho babu yangu hanisemeshi wiki ya pili sasa, na kosa langu ni kupanga majina kwa alfabeti.

Mimi naitwa Flavia, nasoma diploma ya maendeleo ya jamii huko Moshi mjini, na insha yangu ya mwisho inahusu mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka mlimani hadi kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, basi nikaanza kwa babu, Mzee Sirili Urassa, ana miaka themanini na nne na alisimamia mfereji wetu miaka ishirini, akanisimulia siku tatu mfululizo mpaka sauti ikamkauka, wiki iliyofuata ndipo nikaenda kwa jirani yetu Mzee Basili Assey, ambaye alizungumza nusu saa tu na sehemu kubwa ilikuwa habari ya goti lake.

Sasa chuoni wana mwongozo wa kuandika insha, kurasa arobaini nzima, pambizo iwe kiasi gani, herufi ziwe ukubwa gani, mimi nikaona ya nini kujichosha, nikaiga insha ya mwaka jana ya rafiki yangu Gladys, hivyo ukurasa wa marejeo ukatoka na Assey, B. juu kabisa, wakafuata Wazungu watano wenye vitabu, halafu chini kabisa Urassa, S., na kwa ujinga wangu nikatoa fotokopi nikawapelekea wazee wote wawili pamoja na fomu ya kukubali maneno yao yatumike, ili wasaini.

Mae! Mzee Basili alisaini palepale, na Jumapili baada ya misa akasimama nje ya kanisa na ile fotokopi akimwonyesha kila mtu, "Mimi namba moja, Sirili wa saba, hata Wazungu wamempita!"

Babu akaniita. Akasema kwetu kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, haianzi kwa mdogo, na mtu wa mwisho kwenye mbuzi hukuta kwato, na huyo Basili ndiye aliyekuwa akitugeuzia maji yaende kwake siku ya zamu yetu. "Na hii S ndiyo nini? Mama yangu alizaa mtoto, hakuzaa herufi." Nikamweleza habari ya alfabeti, akasema alfabeti aliisoma mpaka darasa la nne na haikuwahi kumdharau. Halafu akaikagua tena ile karatasi akauliza, "Na nafasi yote hii kati ya mstari na mstari imekaa bure? Si mngepanda maharage?" Fomu ameiweka chini ya godoro na analala juu yake.

Nikampandisha babu juu, Madam Eliona anayenisimamia akairudisha na wino mwekundu, "Soma mwongozo uk. 31", nikamshusha, akairudisha na maneno yaleyale, kama vile mimi sijui kusoma. Bila fomu insha haipokelewi na narudia mwaka. Nimefikiria hata kumsainia mwenyewe. Lakini juzi nilimkuta amekaa peke yake na ile fotokopi, akanisemesha mara hiyo moja tu, "Flavia, karatasi itakayobaki na jina langu ni hii moja tu, na wewe umeniweka mlangoni." Nililia, Mama. Nifanyeje?

Flavia, Kibosho

*

Marahaba, Flavia. Pole sana, na sasa futa machozi nikugombeze.

Kumsainia babu yako? Usithubutu! Huyo mzee amekupa siku tatu na sauti yake yote, wewe unataka kumwibia hata sahihi?

Halafu niambie, mwongozo umeusoma lini? Umeniambatanishia wote, mimi mwenye miwani ya kuazima nimeufikia ukurasa wa 31 kabla chai haijapoa. Madam wako hakukutukana, mwanangu, alikuwa anakuonyesha njia, tena mara mbili. Pameandikwa hivi: watu waliohojiwa hawachanganywi na vitabu. Wana ukurasa wao, kwa majina kamili, umri na kijiji, na wanapangwa kwa tarehe ya mahojiano.

Kwa tarehe, Flavia! Ulianza kwa nani?

Ungesoma badala ya kuiga, wazee wasingenuniana na Wazungu wa watu wasingeingizwa kwenye ugomvi wa maji. Gladys naye mwambie nimemsikia.

Fanya hivi leo, siyo kesho. Andika ukurasa mpya, juu kabisa: Mzee Sirili Urassa, miaka 84, Kibosho. Mzee Basili anafuata, na yeye pia apewe jina lake zima, maana goti lake ni bovu ila heshima yake ni nzima. Akilalamika, mwonyeshe tarehe. Ile fotokopi yake mwachie, aendelee kujifurahisha nayo.

Kisha nenda kwa babu na mbege, magoti chini, shikamoo ya kweli. Anza kwa kuomba radhi, maana kweli ulimkosea: ulimpelekea mzee wa miaka themanini na nne ukurasa wa mwisho kabla hajaona wa kwanza. Usimpe karatasi na kukimbia. Msomee jina lake kwa sauti, kila mtu aliyepo asikie, halafu nyamaza. Godoro atalinyanyua mwenyewe.

Na akiuliza tena kwa nini mmeacha nafasi kati ya mstari na mstari, mwambie hapo ndipo mfereji unapopita, hapapandwi kitu. Msimamizi wa mfereji ataelewa, na atasaini.