Ndengu za Mama Mkwe Kwenye Uwanja wa Kriketi

Shangazi Kalunde mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika maana hapa Kalamba nimeharibu. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na wikendi nachezea timu ya kriketi ya eneo la Mashariki, na sisemi kwa kujisifu, ama wacha tu nijisifu, mwaka huu mimi ndiye kapteni, mwalimu wa kijijini, na wale wa Nairobi wakisikia jina langu wanakaa chonjo. Uwanja wa shule niliutengeneza na wanafunzi wangu, tukamwaga ukanda wa simiti pale mpira unapodunda, na Jumamosi hii kwa mara ya kwanza timu itacheza hapa nyumbani. Sasa huu ni msimu wa kuvuna ndengu, zile choroko zetu, na kina mama wameona hakuna pa kuanika kama simiti yangu, nikavumilia, nikavumilia, jana nikafika na darasa langu kwa mazoezi nikakuta ndengu mwanzo hadi mwisho, nikapandwa na hasira nikapiga kelele, "Nani huyu hana adabu? Ondoa takataka yako hapa!" Shangazi, aliyeinuka nyuma ya gunia alikuwa mama mkwe, mama ya bibi yangu Mwongeli! Kwetu Ukambani mama mkwe hainuliwi sauti hata kidogo. Alikusanya ndengu zake akaenda, jioni akatuma ujumbe kwamba Jumamosi hatakanyaga hapo, na Mwongeli anasema kama mama haendi, yeye pia haendi. Wazee wanataka nipeleke mbuzi, lakini kapteni mzima nitaombaje msamaha kwa sababu ya ndengu kwenye uwanja wangu? Na bila hao wawili, nitacheza nikiangaliwa na nani?

Mulinge, Kalamba

Mulinge, kwanza hongera. Kapteni kutoka Kalamba! Hapa ofisini tumekupigia makofi, na asikudanganye mtu upunguze hiyo fahari.

Sasa nisikize, kapteni mzima. Uwanja ni wako tangu lini? Shule hiyo ilijengwa na hao hao kina mama wakibeba mchanga kutoka mtoni. Na hiyo unayoita takataka ndiyo iliyolipa karo ya Mwongeli mpaka ukapata bibi wa kuringia. Najua ndengu siku ya mazoezi zinaudhi, hata mimi ningenuna. Lakini kumtukana mzazi mbele ya darasa? Ai, mwalimu!

Kesho mazoezi yangoje. Tafuta mbuzi aliyenona, si yule aliyekonda uliyechoka kumlisha, mpeleke na mzee wa ukoo akusemee. Mwambie umekosa, basi, usianze kumweleza kriketi. Darasa lililosikia matusi nalo lisikie ukikiri. Kisha kaeni na kina mama mpange siku za ndengu na siku za mpira, simiti haiishi.

Jumamosi mwekee kiti mbele, kivulini. Akija, wapige hao wageni mpaka wakome. Asipokuja, cheza hivyo hivyo, na Jumapili urudi kwake tena. Timu itapata kapteni mwingine siku moja, lakini Mwongeli ana mama mmoja tu.