Gauni la Bibi, Mikono Mitatu

Jumatatu, 3 Juni

Kazi nimeipata! Maonyesho ya mavazi ya wanawake, miaka mia moja, ukumbi wa maktaba. Magauni kumi na manane, yote yapite mkononi mwangu kurekebishwa. Msimamizi ni mama mwembamba, rula haimtoki mkononi. Nimeshambatiza: Bi Rula. Kasema limekosekana gauni la enzi za viuno vyembamba kama vya nyigu na magagulo ya kutanua sketi. Nikajikuta nasema, la bibi yangu lipo. Alilishona mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, kwa cherehani ya mkono. Kichwa kikanivimba hapo hapo.

Jumanne, 4 Juni

Mama kalitoa sandukuni bila kunitazama usoni. Kumbe! La Bibi lilifika kwenye vifundo vya miguu. Hili linaishia juu ya goti. Mini zilipoingia Mama alilikata kwa siri, akaendea dansi. Dada naye, zama za mabega mapana, akalitia sponji mabegani. Bibi hajui lolote, anajua limelala sandukuni kama alivyoliacha. Mama ana miaka sitini na saba na bado anamwogopa mama yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 5 Juni

Bi Rula kapima, katikisa kichwa. Nilirudishe lilivyokuwa, ama litoke. Nirudishe kwa kitambaa gani? Nikaanza kufumua bega, kwa hasira.

Halafu nikaona. Begani uzi wa Dada, rangi nyingine kabisa, papara tupu — ndivyo alivyo hadi leo. Kwenye pindo mkono wa Mama: mshono wa kuficha, mdogo mdogo, umenyooka. Mtu aliyekuwa na hofu, lakini hakulipua kazi. Na kiunoni, Bibi. Karibu miaka sabini, hakuna uzi uliolegea. Nimelia, kusema kweli. Sijawahi kuona fahari hivi, hata siku niliyofungua duka langu la ushonaji.

Bega nikalirudishia. Nikamwambia Bi Rula: mengine kila moja linaonyesha zama zake, hili linazionyesha zote. Kaiweka rula mezani. Kisha kasema litakaa katikati ya ukumbi.

Ijumaa, 7 Juni

Limesimama, limependeza. Mama maji yamemfika shingoni. Anasema Bibi asiletwe, miguu yake mibovu. Bibi kasema hiyo miguu haijamlalamikia yeye. Viatu ameshavipiga rangi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nyuma ya kadi ya mwaliko, nimesimama. Watu wamejaa. Bibi kayakagua magauni yote, kayakosoa karibu yote. Sasa yuko mbele ya lake.

Bi Rula kamwambia haruhusiwi kugusa. Kajibu, mwanangu, nililigusa kabla halijawa gauni. Kavaa miwani. Anapitisha kidole kwenye pindo, taratibu, mzunguko mzima. Kauliza bila kugeuka: nani kashona hapa?

Mama yuko nyuma ya nguzo, mkoba kifuani. Nikafungua mdomo nimwokoe — kanisukuma pembeni, kaenda mwenyewe.

Mimi, mama. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Bibi kauliza mshono huu alifundishwa na nani, maana yeye hakumfundisha. Mama kasema, nilikuwa nakuchungulia mlangoni.

Bibi amekunja uso, sijui ni hasira au ni miwani. Pindo hajaliachia. Mkono wa Mama ameukamata, anawaambia watu wasogee, wasogee waone —