Barua Zinazongoja Modemu

Tabora,
Ijumaa mchana.

Dada yangu Imakulata,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana leo sina subira hata ya salamu. Shemeji hajambo? Watoto je? Na mchele, unatoka? Huku Cheyo Mama yuko salama kabisa: anakula, anasali, anagombana na kuku wa jirani. Anayeumwa ni mimi, na wala si homa. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, naenda mlangoni, narudi, mpaka Shomari wa stoo ameniuliza kama nimekalia siafu.

Ni ile kazi ya Arusha, dada. Wale wafungashaji wa asali wamenikubali, na wanataka jibu kabla ofisi yao haijafungwa leo. Nilipokupigia Jumapili nilikwambia bado natafakari. Ukaniuliza Mama atabaki na nani, nami nikakimbilia kuuliza bei ya mpunga. Ndiyo maana leo naandika, maana kwenye simu ungenikatiza. Naandika hapa hapa dukani kwa Mzee Popatlal, kwa kuwa simu yangu unaijua, kiswaswadu kile kile, hakina barua pepe wala nini.

Na hapa dukani kuna vita. Mzee anataka barua pepe zetu ziendelee kukaa kwenye ile programu ya zamani iliyo ndani ya kompyuta. Anasema barua zake zilale nyumbani kwake, azisome hata mtandao ukikatika, na huu wa kwetu unavyokatika unaujua. Binti yake, Urvi, yuko Dodoma, na hataki kusikia. Anasema siku kompyuta hii ikifa tutazika na barua zote za wateja. Yeye anataka tufungulie kila kitu mtandaoni, ili naye asome oda kwenye simu yake popote alipo. Basi baba na binti wameshindwana, wakaamua nichague mimi, kwa kuwa ndiye ninayeandika. Kila siku Urvi ananiuliza, kila siku namwambia kesho. Juzi aliniambia hajawahi kuona mtu anayechagua barua pepe kama anayechagua mchumba.

Lakini hajui tunavyoishi hapa. Tangu Shomari amalize bando kwa kuangalia mpira, Mzee hatembei bila modemu. Anaichomoa, anaitia mfuko wa shati, anaondoka nayo. Akienda Sikonge kupima asali, mtandao umekwenda Sikonge. Sisi huku tunaandika tu, tunabonyeza kutuma, na barua zinajipanga kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutoka. Mzee akirudi akaichomeka, zinaondoka zote kwa mpigo, hata huna haja ya kugusa kitu. Kabla hajaichomeka bado unaweza kuitoa yako, ukaifuta au ukaiahirisha. Huko mtandaoni anakokutaka Urvi ukibonyeza imekwenda, basi.

Sasa dada, nikwambie ukweli, na usinune. Jibu la Arusha niliandika siku ile ile waliponiita. Nimesema ndiyo. Limo kwenye kisanduku hicho wiki nzima, kwenye anwani yangu mwenyewe aliyonifungulia Urvi. Kila nikisikia honi ya pikapu ya Mzee nalitoa mbio mbio. Akiondoka tena na modemu yake, nalirudisha, nabonyeza kutuma kama mwanamume. Ndiyo sababu nimeshindwa kuchagua. Nilikuwa nimepata mahali pa kusema ndiyo bila kuondoka.

Nilikuwa najiambia ni kwa ajili ya Mama. Macho yake yamefifia, na mimi kitinda mimba ndiye niliyebaki. Nyie wote mlipanda treni mkaenda zenu. Basi jana, tukimenya karanga, nikawa namsimulia ugomvi wa Mzee na bintiye ili acheke. Hakucheka. Akauliza, katika hizo barua zinazongoja modemu, na yako imo? Nikanyamaza. Mama yetu yule, ukinyamaza umeshajibu. Akaniuliza inakwenda wapi, nikamwambia.

Loo, dada, nilidhani atalia! Alishusha pumzi kama aliyetuliwa kuni kichwani. Akasema yeye siku nyingi anatamani kuja kwako Kaliua, awashike wajukuu wakiwa bado wadogo na macho yake yangali yanaona kidogo. Kilichomzuia ni mimi. Alisema angeniachaje peke yangu, mtu ambaye hata ugali wake unakuwa na mabuja ya unga mbichi? Kumbe tumekaa humu ndani, yeye ananilinda mimi, mimi namlinda yeye, na kila mmoja anatamani kuondoka. Nilicheka mpaka nikaona haya, halafu nikaogopa kweli, kwa sababu sasa sina wa kumsingizia. Asubuhi ya leo nimemkuta ameshakunja kanga zake.

Urvi nitampigia jioni nimwambie ameshinda. Atakayekalia kiti hiki baada yangu asiwe na pa kuficha barua yake.

Barua hii naiweka kisandukuni pamoja na ile ya Arusha, moja nyuma ya nyingine. Ukiisoma, ujue zote zimetoka. Mama anakupa salamu za mkono na mkono, na wajukuu anasema waache kumaliza karanga, anakuja nazo. Mbusu mdogo kwa niaba yangu. Nipigie, lakini usinipigie kunigombeza. Nipigie uniambie utampokea kwa treni ya lini.

Honi hiyo, Mzee amefika. Nabonyeza kutuma, kisha naweka mikono mfukoni.

Ndimi mdogo wako,
Raymundi