Liponja wa Nkowe

Nachingwea, 3 Juni 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mafua tu ya vumbi. Masikio yako je, bado yanavuma? Mama kifua kimepona? Mwambie gauni lake la kitenge nimeshalishona, dereva atalileta pamoja na barua hii.

Baba, kuna jambo linaninyima raha. Mwezi wa tatu nilikwenda zahanati kupima malaria. Muuguzi akaita, "Liponja!" Nikasimama. Benchi la pili akasimama kijana. Muuguzi akauliza, "Nyie ndugu?" Tukatazamana, tukacheka, maana tangu nizaliwe sijawahi kukutana na Liponja asiye wa nyumbani kwetu.

Anaitwa Swalehe. Ni fundi pikipiki hapa mjini, kwao Namungo. Ana tabia njema, na amenitamkia ndoa. Lakini wazee wake waliposikia jina langu wamegoma kuleta posa. Babu yake, Mzee Harithi Liponja, amemwambia, "Liponja tuko wachache. Huwezi kumwoa dada yako." Sheikh wa hapa anasema dini haikatazi, mzee hasikii. Kwake yeye watoto na wajukuu wa kaka wawili ni ndugu wa tumbo moja, basi.

Sasa niambie, sisi jina hili tumelitoa wapi? Ni ndugu nao au si ndugu? Nijibu upesi. Siku hizi hata vifungo nakosea kushona.

Mwanao,
Sabaha


Mbekenyera, 16 Juni 2024

Mwanangu Sabaha,

Marahaba. Mama yako kifua kimeachia, amerudi kutugombeza kama kawaida. Gauni limemkaa vizuri. Masikio yangu ni yale yale, ndiyo maana naandika, kuliko kupayuka kwenye simu kijiji kizima kisikie. Ufuta tumekata, unakauka.

Kuhusu jina. Marehemu babu yako Mfaume alisema tumetoka Nkowe. Hapo tu. Nilipomwuliza zaidi alikuwa anachukua jembe anakwenda shamba, hata kama ndiyo kwanza ametoka huko. Nikaacha kuuliza. Na wewe ushauri wangu ni huo huo, acha. Wanaume wapo wenye majina mengine.

Mimi baba yako,
Ramadhani


Nachingwea, 20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi mwili haujambo, moyo ndio hautulii.

"Acha" si jibu. Umri wako wote huo hujajiuliza kwa nini hatuna hata kaburi moja la kwetu kule Nkowe? Wenzetu kila mara wanafunga safari kwenda misiba ya ukoo. Sisi ukoo wetu unaenea kwenye mkeka mmoja, na nafasi inabaki.

Nkowe si mbali, baba. Panda bodaboda. Kama Swalehe ni ndugu yangu niambie nilie yaishe. Kama si ndugu niambie pia. Hapa katikati ndipo siwezi kukaa.

Mwanao,
Sabaha


Mbekenyera, 2 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Najua umekaa bila jibu na umekasirika. Mama yako amekuwa akinisukuma, "Mwandikie mtoto," nami nilikuwa nakaa na kalamu naondoka tena. Si kwamba sikwenda. Nilikwenda, na niliyoyasikia sikujua niyaanze wapi.

Nkowe nilizunguka nyumba kwa nyumba. Vijana hawajui chochote. Mwishoni nikaelekezwa kwa bibi mmoja Mmakonde, Dafrosa, aliyekimbia vita vya Wareno kule Msumbiji akiwa binti mdogo. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilipotaja jina la baba aliacha kupukuchua.

"Wewe mtoto wa Saturnini?" akaniuliza.

Nikasema, "Hapana mama, mimi baba yangu ni Mfaume."

"Ndiye huyo huyo," akasema. "Tulivuka Ruvuma pamoja. Alikuwa hana mtu."

Akanieleza yote, mdomo kwenye sikio langu. Wakimbizi walikuwa wanakusanywa kupelekwa kambini. Pale Nkowe alikuwepo mkulima, Mmwera, ndiye Liponja. Alimwona yule mtoto amekaa peke yake akamwonea huruma. Walipokuja kuwachukua, Liponja alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu si mkimbizi. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu." Wakamwacha. Liponja akamtia jandoni pamoja na mwanawe, akapewa jina la Mfaume. Yule mwanawe ndiye Harithi, ambaye baadaye alihamia Namungo kwenye dhahabu. Babu yako alioa huku kwetu Mbekenyera, akabaki.

Kwa hiyo damu si moja. Unaweza kuolewa. Hilo ndilo ulilotaka kujua.

Mimi nimerudi nyumbani, naitikia watu wanaponiita kwa jina, lakini ni kama namwitikia mtu mwingine. Kama mimi si Liponja, mimi ni nani? Dafrosa hajui jina la ukoo wa baba yangu. Ramadhani mtoto wa Saturnini, halafu nani? Usinijibu hilo, najua hujui.

Baba yako


Nachingwea, 9 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Unalala? Unakula? Mama ameniambia kwa simu kwamba unatoka asubuhi unakwenda kwenye mikorosho na kurudi bila kufanya kazi yoyote. Unanitia wasiwasi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakimbia nayo hadi gereji kwa Swalehe. Tulifurahi, baba, nakiri. Jumapili akaenda Namungo kuwaeleza wazee wake. Mzee Harithi hakukana habari hata moja, anaijua yote. Lakini amesema hivi: "Baba yangu alisimama mbele za watu akasema Mfaume ni mtoto wa mdogo wake. Leo nimwambie nani kwamba baba yangu alidanganya? Mfaume ni ndugu yangu. Mjukuu wake ni mjukuu wangu, na wajukuu zangu hawaoani."

Swalehe akambembeleza sana. Mwishoni mzee akasema kuna njia moja tu. Wewe uende Namungo, useme kwa mdomo wako kwamba nyinyi si Liponja, na jina uliache pale pale.

Baba, sijui nakuomba nini. Nikikuomba uende naona aibu, nikikuomba usiende nalia. Amua wewe.

Mwanao,
Sabaha


Mbekenyera, 4 Septemba 2024

Mwanangu Sabaha,

Marahaba. Sote tupo, tunapumua. Nimetoka Namungo jana.

Nilikwenda nimekata shauri. Njiani kote nilikuwa najifunza maneno yangu: "Mzee, nimekuja kurudisha jina lenu." Nilifika siku ya mpira, vijana wote wamekwenda uwanjani, nyumba iko kimya. Mzee Harithi anaumwa, hainuki kitandani. Sauti yake ni ndogo na masikio yangu unayajua, ikabidi nilaze kichwa karibu na mto wake kama mtoto.

Kabla sijasema neno akanishika mkono, akasema, "Una vidole vya Mfaume." Kisha akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wakiwinda panya pamoja, na jinsi baba alivyokuwa hawezi kutamka Kimwera bila kuchekwa. Sabaha, baba yangu mzazi hakuwahi kunisimulia utoto wake hata siku moja. Niliusikia kwa mara ya kwanza pale, kwenye mto wa mtu mwingine. Maneno yangu yakapotea.

Yeye ndiye aliyeuliza, "Umekuja kulirudisha?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Lakini siwezi kulisema."

"Ukiliacha utaitwa nani?"

"Sijui."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe analia. Baadaye akasema, "Basi kaa nalo. Baba alisema vile ili mtoto abaki. Hakusema ili watoto wazuiliwe. Nitawaita wazee hapa hapa kitandani, niwaambie mwenyewe kwamba damu iko mbali. Wewe usiliache jina la baba yangu."

Posa inakuja. Jiandae.

Baba yako


Nachingwea, 15 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Tumefika salama na mume wangu, naye anakupa shikamoo yake. Chumba ni kidogo lakini ni chetu.

Siku ya ndoa niliondoka na hekaheka, sikupata nafasi ya kukwambia. Nilikuwa ndani na kina mama, lakini dirisha lilikuwa wazi na nilisikia kila kitu. Sheikh alipokuuliza jina lako kamili ulinyamaza. Ulinyamaza mpaka wanawake wakaacha kupiga soga. Nikajisemea, baba amepatwa na nini? Ndipo nikakusikia: "Ramadhani bin Saturnini Liponja." Watu wakaguna. Mmoja akasema umekosea, baba yako ni Mfaume. Na Mzee Harithi, waliyemleta amebebwa kwenye kiti, akasema, "Hajakosea. Andika hivyo."

Nililia mpaka wanja ukachuruzika, wakaniosha uso upya.

Lakini baba, uliponiaga macho yako yalikuwa mbali. Sasa mama anasema korosho zimeanza kudondoka na huziokoti. Kuna nini tena? Niandikie.

Mwanao,
Sabaha


Masasi, 24 Oktoba 2024

Mwanangu Sabaha,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu Swalehe. Mimi ni mzima. Usishtuke kuona Masasi hapo juu. Leo asubuhi nimepita Nachingwea na sikushuka. Ningekuona ungenizuia, na mimi ningekubali.

Mama yako amenuna lakini amenifungia chakula cha njiani. Korosho ataziokota na jirani. Mwaka mmoja wa mavuno mabaya hautatuua.

Baada ya ndoa nilirudi kwa Dafrosa. Nilimwuliza vizuri, je, kweli baba hakuwa na mtu? Akasema alikuwa na dada, Serafina, mkubwa kidogo. Walipofika mtoni mtumbwi ulikuwa umejaa. Serafina akamsukuma mdogo wake apande, yeye akabaki ukingoni asubiri safari ya pili. Risasi zikaanza kulia, na safari ya pili haikuwepo.

Nadhani sasa najua kwa nini babu yako alikuwa anachukua jembe.

Kesho naelekea Mtambaswala, nivuke daraja la Ruvuma niingie Msumbiji. Kule kijiji walichotoka Dafrosa anakikumbuka kwa jina. Huenda Serafina alikufa siku ile ile. Huenda yupo, bibi kizee, na hajui mpaka leo kama ule mtumbwi ulifika. Jina la ukoo wetu siliweki mbele tena. Nikilipata, sawa. Ninachotaka ni kumfikia yeye, au mtoto wake, au hata kaburi lake, niseme kwamba mtumbwi ulifika.

Baba yako,
Ramadhani Saturnini Liponja